Usimpige Mama Picha

Karatasi ya kuokea keki ikikaa karibu na balbu inayowaka, baada ya muda hutoa harufu. Si harufu ya kuungua hasa. Ni kama mtu amechoma mkate chumba cha pili akausahau, halafu ukienda kuangalia hukuti mkate wala mtu. Juzi nilikuwa nimeitundika karatasi hiyo mbele ya taa yangu ya kusimama, nampiga picha dada mmoja muuguzi aliyetaka picha nzuri ya kumtumia mama yake, na harufu ile ikaja. Nikasimama na kamera mkononi, nikasahau kubonyeza. Yule dada akaniuliza kama sura yake ina tatizo. Nikamwambia sura yako iko sawa kabisa, ni pua yangu imesafiri.

Mimi si mpiga picha wa kuandikwa kwenye mabango. Shule niliiacha mapema, na mchana napanga mizigo kwenye ghala. Lakini sebule yangu ina dirisha zuri, na nina ndoto kwamba iko siku nitakodi chumba Digbeth, hapa hapa Birmingham, kwenye yale majengo ya viwanda vya zamani, niandike jina langu mlangoni kwa rangi ya manjano. Ndoto hazidaiwi kodi, kwa hiyo ninazo nyingi. Ila wanaokuja kukaa kwenye kiti changu hawajui kwamba kuna wakati, nikiwa mtoto, nilimwogopa mtu mwenye taa na kamera kuliko nilivyoogopa mbwa. Nilimshuku. Niliamini kabisa kwamba anaua watu, na kwamba sasa zamu ilikuwa ya mama yangu.

Tulikuwa tunakaa Sparkhill, kwenye zile nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta, karibu sana na Stratford Road hata vioo vya sebuleni vilikuwa vikinguruma kila basi likipita. Mimi na Mama tulilala chumba cha mbele juu. Chumba cha nyuma alikipanga Anti Rehema. Mama ni Mtaita, alinileta kutoka Wundanyi nikiwa bado naota meno, na kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee katika makao fulani kule Sutton Coldfield. Alipanda basi, kisha treni, akarudi akinuka sabuni ya watu wengine. Anti Rehema alitoka Tanga, akiuza vitambaa na magauni katika duka moja la Stratford Road. Mama akiniita "Wakesho, kuja hapa," Anti alikuwa akijibu kutoka ngazini, "Njoo, dada, njoo. Kiswahili hicho mnakiua na hakijawakosea."

Jumapili, watu wa ushirika wetu wa kanisani walikuja nyumbani kupigwa picha. Anti alikuwa na kamera moja aliyoinunua ikiwa imeshatumika, na taa moja. Mtu akimuuliza taa nyingine ziko wapi, alisema jua ni moja na linatosheleza dunia nzima. Alitundika shuka jeupe kwenye fimbo ya pazia. Kiti alikiweka mbali na shuka, ili kivuli kianguke sakafuni kisimng'ang'anie mtu mgongoni. Taa aliisimamisha ubavuni, juu kidogo ya kichwa, na mbele yake akabana karatasi ya kuokea kwa vibanio vya nguo. Upande wa pili aliegemeza ubao wa boksi alioufunika kwa foili ya jikoni, na mwanga uliokuwa unapita bure ukarudi kwenye lile shavu lililobaki gizani. "Sisi weusi hatutaki taa kali," alisema. "Taa kali inalifanya paji la uso ling'ae kama sufuria, macho yanabaki mashimo. Tunataka taa laini, inayotubembeleza."

Nilipenda sana kukaa ngazini kuangalia. Mtu aliingia amechoka, uso umekunjamana kwa baridi na zamu za kazi, halafu taa ile inamgusa na anakuwa mtu mwingine, kama vile ndani yake kulikuwa na mgeni aliyevaa vizuri akisubiri kuitwa.

Kisha akaja Mama Mkamburi. Alikuwa mwanamke wa ushirika wetu mwenye kicheko kikubwa, na mkoba wake haukukosa peremende. Alitaka picha ya siku yake ya kuzaliwa, akavaa kofia ya zambarau. Anti alimpiga picha mpaka wote wawili wakaishiwa nguvu kwa kucheka. Miezi haikupita mingi tukaambiwa Mama Mkamburi ameanguka jikoni kwake na hakuamka.

Siku ya ibada yake ukumbi ulijaa, na kila mtu alipewa programu ya mazishi, kile kijitabu chenye picha ya marehemu pale mbele, na ndani maisha yake na nyimbo. Nilikishika changu nikatazama pale mbele. Ilikuwa kofia ya zambarau. Ilikuwa picha yetu. Nyuma ya bega lake nililiona shuka letu, na nikautambua mkunjo ambao Mama hakuwahi kuweza kuunyoosha kwa pasi.

Tuliporudi nyumbani nilifungua droo ambamo Mama alihifadhi vijitabu hivyo, maana kwetu havitupwi, nikavitandaza zuliani. Wazee, vijana, hata mtoto mmoja. Kila mmoja peke yake. Kila mmoja amekaa kitako, ametulia, mwanga umemjia kutoka ubavuni, nyuma yake hakuna kitu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anakula au anafua. Nami kwa akili yangu ya wakati ule nikaona jambo ambalo watu wazima walikuwa wanalificha: kwanza unapigwa picha nzuri, halafu unakufa.

Jambo zito kama hilo nililipeleka kwa Hodan. Alikuwa binti wa majirani zetu, Wasomali waliokulia Eastleigh ya Nairobi kabla ya kuja huku, tukisoma darasa moja. Tuliongea Kiingereza kama watoto wote wa mtaa. Kiswahili tulikiweka kwa ajili ya siri na matusi madogo. Hodan alinisikiliza akitafuna sambusa, akasema yeye hashangai. Kwao mtu akifa anazikwa haraka, hakuna kijitabu wala picha. "Na nyanya yangu hajawahi kukaa mbele ya taa hata siku moja," alisema. "Ana miaka kama mia. Unaona sasa?"

Niliona.

Ilikuwa majira ya baridi, ile miezi ambayo giza linaingia ukiwa bado umevaa sare za shule. Siku moja nilirudi nikamkuta Mama nyumbani, wakati alipaswa kuwa kazini. Jikoni kulikuwa na masufuria ambayo hayakuwa yetu. Viatu vimejaa mlangoni. Watu wa ushirika walikuwa sebuleni wakiimba kwa sauti ya chini, ile sauti ya watu wasiotaka wimbo utoke nje ya chumba, na nilipoingia wakaacha. Mmoja akaniuliza habari za shule. Mwingine akanishika kichwa akashusha pumzi. Ukitaka mtoto ajue kuna jambo, basi muulize habari za shule huku unashusha pumzi.

Tangu siku hiyo Mama hakula sawasawa. Aliingia bafuni akafungulia bomba, maji yakatiririka muda mrefu, akatoka bila kuoga. Macho yake yalivimba. Nilimuuliza, akasema ni mafua. Lakini mafua ya Mama niliyajua kwa sauti, na hii haikuwa sauti yake. Alipokuwa amelala nikapekua mkoba wake kutafuta dawa za ugonjwa aliokuwa ananificha. Nilikuta tikiti ya treni, dawa ya kuchua, na kipande cha biskuti. Hapo nikazidi kushuku. Nilijiambia dawa amezificha kwa Anti Rehema.

Halafu jioni moja Anti akaanza kutundika shuka.

Nilisimama mlangoni. Mama alikaa kwenye kiti, amevaa blauzi ya rangi ya damu ya mzee niliyokuwa sijawahi kuiona, ya kuazima, imempwaya mabegani. Anti alimwegemeza kichwa nyuma akamwekea vijiko viwili juu ya macho, vijiko vya chai alivyovitoa kwenye friji. "Kikipata joto niambie nikuletee kingine," alimwambia, kwa sauti ya upole ambayo sikuizoea kwake. Watu wa ushirika walipokuja kwa ajili ya siku za kuzaliwa hakuwahi kumwekea mtu vijiko. Taa ikawaka. Karatasi ikaanza kutoa ile harufu. Mama hakutabasamu, na Anti hakumwambia atabasamu.

Nikapita katikati ya chumba nikasimama mbele ya kiti.

"Wakesho, toka hapo," Mama alisema.

"Na mimi nataka."

"Wewe utapigwa kesho."

"Basi na wewe upigwe kesho."

"Huyu mtoto ana wivu kama mke mwenza," Anti alisema, akanishika mkono akaniweka kando kama mtu anayesogeza stuli. Mkono wake ulikuwa wa moto kwa sababu ya taa. Wangu niliutazama muda mrefu baadaye, mahali aliponishika, nikaufuta kwa mate.

Kesho yake nilimsikia Mama akiongea kwa simu na Mjomba Mwakio, kaka yake aliyebaki Wundanyi. Simu ilikuwa imefunguliwa sauti kwa sababu mikono ya Mama ilikuwa na unga. Mjomba alisema picha imetoka nyeusi, uso hauonekani, ni blauzi tu imekaa kwenye kiti. Akasema apigwe nyingine haraka kwa sababu wanataka kuchapisha.

Kuchapisha. Mimi nilijua kitu kimoja tu kilichochapishwa kikiwa na picha ya mtu amekaa mbele ya shuka. Kwa hiyo Mjomba naye alikuwamo. Lakini tena alikuwa ameikataa picha! Nikajiuliza labda Mjomba yuko upande wangu. Labda huko nyumbani amegundua njama, anaikataa kila picha ili dada yake aishi. Nililala usiku huo nikimwombea sana.

Hodan ndiye aliyenipa mpango. Tulikuwa tumekaa kwenye ukuta mfupi mbele ya nyumba zetu, miguu inagonga matofali. Aliniuliza kama nimewahi kuona watu wawili kwenye kijitabu, pale mbele. Nikafikiri droo nzima. Nikasema hapana, ni mmoja mmoja siku zote. Hodan akanyanyua mabega kama wakili aliyemaliza kesi. "Basi usimwache akae peke yake."

Walinishinda mara ya pili. Mama alinituma kwa kina Hodan nikapeleke bakuli, na mama yake Hodan, ambaye sasa najua alikuwa ameombwa, akanikalisha akanipa chai ya maziwa na mahamri na maswali yasiyoisha. Niliporudi nilifungua mlango na harufu ikanipokea kwenye korido kabla ya mtu. Mkate uliochomwa, na hakuna mkate. Shuka lilikuwa limeshakunjwa. Nilikaa kwenye ngazi nikiwa na bakuli tupu, na Mama akapita akanibusu utosini, midomo yake baridi, nikahisi kwamba ananiaga.

Lakini Mjomba akaikataa hiyo pia. Taa ilikuwa karibu mno, nusu ya uso inang'aa na nusu haipo. Anti alikasirika kidogo, akasema huyo mchapaji wao anatumia mashine ya kusagia mahindi. Mama akasema kwa sauti ndogo, "Rehema, siku zimekwisha." Nami nilikuwa nyuma ya mlango, na maneno hayo nikayameza kama mfupa.

Ikabaki Jumapili. Tuliporudi kutoka kanisani Anti hakuiwasha taa kabisa. Alisogeza kiti karibu na dirisha la barabarani, akafungua pazia lote. Nje mbingu ilikuwa nyeupe yote, bila jua, bila mvua, vile inavyokaa Birmingham siku nyingi mpaka watu wanailalamikia. Anti akaitazama akaridhika. "Mawingu haya ndiyo karatasi ya kuokea ya Mungu," alisema. "Tumehangaika na balbu bure." Akaniambia nishike ubao wa foili. Nikakataa. Akauegemeza kwenye kochi.

Mama alikaa. Mwanga ule ulimjia taratibu, ukaingia mpaka kwenye mikunjo midogo chini ya macho, na nikaona jinsi alivyokuwa mzuri, mzuri na ametulia kabisa, kama wote wa kwenye droo. Nikakimbia nikamkalia mapajani, nikamshika shingo kwa mikono miwili.

Alijaribu kunibandua. "Wakesho, mwanangu, tafadhali. Hii ndiyo ya mwisho."

"Mama, utakufa lini?"

Basi lilipita nje, vioo vikanguruma, likaenda zake.

"Nani amekwambia nakufa?" Mama aliuliza.

Nikamwonyesha Anti Rehema kwa kidole. Kwetu mtu mzima haonyeshwi kidole, lakini nilikuwa nimefika mwisho wa adabu yangu. "Yeye. Alimpiga Mama Mkamburi picha akafa. Sasa anakupiga wewe, na Mjomba anachapisha."

Anti aliiweka kamera juu ya kochi, polepole, kama kitu kilicholala. Akakaa sakafuni hapo hapo alipokuwa, na gauni lake la kanisani. "Jamani," alisema. "Mimi napiga picha tu, mwanangu. Kufa kuna mwenyewe."

Mama akanigeuza nimtazame. Macho yalikuwa mekundu, bila vile vijiko baridi vya kushusha uvimbe. "Si mimi," alisema. "Ni Babu. Babu yako amefariki, Wakesho. Wanamzika Jumamosi, nami siwezi kwenda."

Mengine alinieleza vipande vipande, na mengine nimeyajua nikiwa mkubwa. Babu, baba yake, yule aliyenipigia simu kila Jumamosi. Jumamosi iliyotangulia sikuongea naye, Mama akaniambia mtandao ni mbaya. Karatasi zetu za kukaa nchini zilikuwa zingali zinasubiri jibu, na Mama akitoka mlango ungefungwa nyuma yake, nami ningebaki upande huu au nimfuate tusirudi. Ndugu zake wote walikuwa wamevaa rangi moja na kupigwa picha kwa ajili ya ukurasa wa watoto wa marehemu, na Mjomba alikuwa ameshikilia nafasi moja wazi. Mama alisema kama hawezi kusimama nao kaburini, basi angalau watu wa Wundanyi wakifungua ukurasa ule wasiulize yule wa Ulaya yuko wapi. Mimi nilifichwa habari hizo mpaka mazishi yapite, ili nilie mara moja tu.

Lakini siku ile sikusikia hata nusu yake. Nilisikia "si mimi." Furaha iliyonipata siwezi kuilinganisha na kitu. Ilinitoka kwa kicheko. Nilimuuliza kweli si wewe, akasema si mimi, nikamuuliza na huumwi, akasema siumwi, nikambusu pua na macho na ile blauzi ya kuazima, nikicheka, nikiruka mapajani mwake mpaka kiti kikalia. Mama alinitazama kama anayetazama kitu kutoka mbali. Kisha naye akacheka. Kicheko kikafika katikati kikageuka, akalia, si kile kilio cha bafuni na bomba, bali kilio cha kwetu, chenye sauti, cha kumwita baba yake kwa jina la utotoni. Anti alitambaa kwa magoti akatushika sote wawili. Kamera haikuguswa.

Baadaye sana, mbingu ikiwa bado nyeupe, Mama aliosha uso akarudi kitini. Anti alitaka kunisogeza. Mama akasema, "Mtoto abaki." Nikabaki, shavu langu limegusa lake, na Anti akapiga picha moja, akaitazama, hakupiga ya pili. Jioni Mjomba akaandika maneno machache: Hii ndiyo. Sasa tunakuona.

Asubuhi ya Jumatatu nilitoka mbio na mkoba wa shule unanipiga mgongoni. Hodan alikuwa kwenye ukuta mfupi ananisubiri. Nilikuwa nimebeba habari njema na nilitaka aipate ikiwa moto.

"Si Mama!" nilimwambia. "Hafi. Ni Babu tu."

Nilitegemea ashangilie. Hakushangilia. Alisema maneno ambayo kwao husemwa mtu akifa, kwa sauti ya mama yake, akayasema yote mpaka mwisho bila kukosea. Kisha akanitazama.

"Babu yule anayekupigia akuulize umekula nini? Ukimwambia chipsi anacheka mpaka anakohoa?"

"Huyo," nilisema.

"Sasa Jumamosi utaongea na nani?"

Nikasikia kile kikohozi cha Babu. Basi la Stratford Road lilipita limejaa watu, likafuatwa na jingine. Hodan akanivua mkoba begani, akauvaa kifuani, wake ukiwa mgongoni, akanishika mkono, tukaanza kutembea.